Wiki ya utambulisho chuoni: niwahi, au nisubiri masomo yaanze?

*"Shikamoo mshauri. Nimechaguliwa kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, natokea Kasulu. Barua ya udahili inatutaka tufike wiki moja kabla ya masomo kwa ajili ya wiki ya utambulisho. Kaka mmoja wa hapa mtaani aliyemaliza chuo mwaka juzi anasema hiyo ni wiki ya hotuba na muziki, kila kitu kimo kwenye prospektasi na kwenye magrupu ya WhatsApp. Ananishauri nibaki nimsaidie baba kuuza mahindi, niende masomo yakianza. Nyumbani mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu, hakuna wa kuniambia vinginevyo. Jina langu limetoka kwenye mkopo lakini bumu, yaani posho ya mkopo, bado, na hela aliyonayo baba ni ya nauli na siku chache za kula. Nina mama mdogo Gongo la Mboto. Nisikufiche pia, mimi ni mpole sana, mkusanyiko wa watu nisiowajua unanitoa jasho. Nikiikosa hiyo wiki napoteza nini hasa?"*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Swali lako limebeba mambo mawili: hela ya kuishi wiki moja mjini, na hofu ya kuingia katikati ya watu usiowajua. Nitayagusa yote mawili, lakini nisikuache na dukuduku hadi mwisho. Nenda. Fika mwanzoni mwa wiki hiyo, hata kama hutahudhuria kila kilichopangwa. Sababu zangu ni tofauti kidogo na zile zilizoandikwa kwenye barua yako.

Huyo kaka hakukudanganya. Hotuba zipo, tena ndefu. Mtajazana ukumbini tangu asubuhi, viongozi watapokezana kipaza sauti, kila ofisi itajieleza kwa slaidi zenye maandishi madogo, na kufika saa nane mchana utakuwa umeshasahau aliyefungua kikao alisema nini. Vyuo vingi, vya kwetu na vya nje, huipanga wiki hii kwa namna inayomrahisishia kazi mwandaaji kuliko mgeni, na sehemu hiyo siitetei. Alipokosea ni kudhani kwamba faida ya wiki hiyo imo kwenye hotuba, kwa hiyo asiyezisikiliza hapotezi kitu.

Tuanze na hela, maana ndiyo inayomnyima baba yako usingizi. Wanafunzi wengi huamini kwamba kuchelewa kunaokoa fedha. Kwa mwenye mkopo, mara nyingi mambo huwa kinyume chake. Jina kutoka kwenye orodha ya Bodi ya Mikopo maana yake umepangiwa fedha. Haimaanishi kwamba fedha ipo njiani. Ili posho itoke, chuo kinapaswa kuthibitisha kwamba umefika, umesajiliwa, na unasoma programu ileile uliyopangiwa mkopo. Baada ya hapo unasaini mwenyewe, siku hizi kwa alama ya kidole. Posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, lakini haiji kila siku; inakuja kwa mafungu. Aliyekamilisha usajili mapema huwa kwenye kundi la kwanza la kusaini. Anayeingia wiki ya pili anaweza kukuta orodha ya kwanza imeshafungwa, naye akakaa akisubiri huku wenzake wakilipa madeni ya mama ntilie. Kwa hiyo wiki unayotaka kuokoa Kasulu unaweza kuja kuilipa Dar es Salaam, tena kwa kukopa.

Na usajili wenyewe si jambo la nusu saa. Utatakiwa uwe na vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, fomu ya uchunguzi wa afya iliyosainiwa na kugongwa muhuri na daktari, picha ndogo, na ushahidi wa malipo yaliyofanywa kwa kontrol namba. Bima ya afya nayo huulizwa. Hapa ndipo watu hukwama kwa mambo madogo kabisa. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Esteria, cha kidato cha nne kimeandikwa Ester. Dirishani unaambiwa kalete hati ya kiapo. Sasa utafute wakili, umlipe, urudi, upange foleni upya. Ikikutokea Jumanne ya wiki ya utambulisho, unalishughulikia Jumatano na Alhamisi limekwisha. Ikikutokea wiki ya pili, unakimbia kati ya ofisi ya wakili na ukumbi wa mihadhara, na mihadhara ndiyo itakayoumia. Kabla hujasafiri, kaa na baba yako mvilinganishe vyeti vyote herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, ni afadhali kiapo ukipate hukohuko Kigoma.

Chumba nacho kina saa yake. Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017 zinachukua wanafunzi 3,840, Mabibo ipo, na mabweni ya zamani ya Mlimani, yaani kampasi kuu, yapo, lakini wanaohitaji kitanda siku zote ni wengi kuliko vitanda. Aliyepangiwa na asionekane hujiweka kwenye hatari ya nafasi yake kupewa mwingine. Ukishakosa, kinachobaki ni kupanga mtaani au kubebana, yaani kulala kwenye chumba cha mwenzako bila kibali. Kubebana kunaanza kwa wema na mara nyingi kunaishia kwa ugomvi au barua ya nidhamu. Usianze chuo namna hiyo.

Basi tuseme umefika na karatasi zimekwisha. Bado kuna jambo ambalo prospektasi haiwezi kukupa hata ukiikariri. Kidato cha sita ulikuwa na kengele, mwalimu wa zamu, na mwalimu wa darasa aliyejua hujaja kwa sababu dawati lako lilikuwa tupu. Chuoni hakuna atakayekufuata. Mhadhiri wa darasa la watu mia nne hajui kama upo. Ratiba ikibadilishwa, tangazo linabandikwa kwenye ubao wa idara au linatumwa kwenye grupu la darasa, na asiyejua kuna ubao, wala hajaingizwa kwenye grupu, anakaa peke yake chumba namba sita huku darasa likiendelea jengo la pili. Chuo hiki kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na fani moja tu ya sheria na wanafunzi wasiofika ishirini. Wakati ule ukipotea, mwenzako mmoja alitosha kukuelekeza. Leo Mlimani ni mji. Ina ndaki, skuli kuu, taasisi na idara, kila moja ina utaratibu wake, na taratibu nyingi hazijaandikwa popote. Zipo vichwani mwa watu.

Hao watu ndio unaokwenda kuwapata wiki hiyo. Kuna karani wa idara anayejua fomu ipi inakwenda ofisi ipi. Kuna mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayejua kwamba kozi fulani ya hiari hujaa siku ya kwanza. Kuna mkutubi atakayekupa neno la siri la kufungua majarida ya mtandaoni kutoka chumbani kwako. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na chuoni ndivyo mambo yalivyo. Wiki ya utambulisho ndiyo siku zako mbili. Ukiuliza maktaba iko wapi, semina ni nini, madesa, yaani notsi za masomo, yanapatikana wapi, kila mtu anakujibu kwa moyo mmoja, kwa sababu kuuliza ndicho kinachotarajiwa. Uliza maswali hayohayo wiki ya sita, uone watu wanavyokutazama. Hakuna atakayekukataza, ila wewe mwenyewe utaona haya, na mtu mpole kama wewe ataamua kunyamaza. Kwa hiyo wiki hii inamfaa mpole kuliko mchangamfu. Mchangamfu atauliza wakati wowote.

Nikupe mfano wa jambo moja ambalo ukilielewa mapema linabadilisha miaka mitatu. Kila kozi ina krediti zake, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kusoma, ukijumlisha mihadhara, semina na msuli unaoupiga peke yako. Tuseme una kozi mbili, moja ina krediti 12 na nyingine 8. Alama A ina pointi 5, C ina pointi 2. Ukipata C kwenye ile ya krediti 12 na A kwenye ile ya 8, unapata pointi 24 na 40, jumla 64. Gawanya kwa krediti 20, GPA yako, yaani wastani wa pointi kwa krediti, ni 3.2. Sasa zigeuze: A kwenye ile ya 12, C kwenye ile ya 8. Pointi 60 na 16 ni 76, ukigawanya kwa 20 unapata 3.8. Alama ni zilezile mbili, lakini 3.2 iko daraja la pili la chini, linaloishia 3.4, na 3.8 iko daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5. Hiyo 3.8 ndiyo matangazo mengi ya ajira ya wahadhiri wa ngazi ya kuanzia yanayoitaka. Mwanafunzi asiyejua hesabu hii hugawa muda wake kwa kufuata kozi anayoipenda au mhadhiri anayemwogopa. Anayeijua huangalia krediti kwanza. Na kwa kuwa kwenye vyuo vyetu vingi alama za mwaka wa kwanza zinaingia kwenye GPA ya mwisho, kuijua mwaka wa pili ni kuchelewa.

Hili huelezwa kwenye kikao cha idara, si kwenye ukumbi mkubwa. Hapo ndipo unaambiwa kwamba kwa kawaida kazi za darasani zina alama 40 na mtihani wa mwisho 60, jaribio la kwanza ni lini, kozi zipi ni za lazima na zipi za hiari, na mtu anafikaje kwenye sapu (kurudia mtihani) au kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli). Muhula una wiki kama kumi na tano tu. Aliyepoteza wiki ya kwanza na ya pili akitafuta chumba, kiapo na grupu la darasa, anashtukia jaribio la kwanza limefika. Wengi niliowaona wakitikisika mwaka wa kwanza walikuwa na akili za kutosha kabisa. Walianza nyuma, wakaona aibu kusema, pengo likapanuka.

Sasa huko kutoka jasho. Watafiti wa elimu ya juu wamelishughulikia kwa muda mrefu swali la kwa nini mwanafunzi mwenye uwezo anaacha chuo. Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Vincent Tinto, alieleza kwamba kubaki au kuondoka kunategemea sana kama mtu amejifunga na chuo kwa kamba mbili: ya masomo na ya watu. Ikikatika moja, nyingine inaweza kumshikilia kwa muda. Zikilegea zote mbili, kikwazo chochote kidogo kinatosha kumrudisha nyumbani. Nawe unakuja bila ndugu aliyepita chuoni, kwa hiyo hakuna wa kukuambia kwenye simu kwamba hali unayoipitia ni ya kawaida.

Kuambiwa tu kwamba ni ya kawaida kuna nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha utafiti walioufanya kwenye chuo kimoja cha Marekani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipewa kipindi cha kama saa moja. Walisoma maelezo ya waliowatangulia, kwamba nao mwanzoni walijiona hawastahili kuwa pale na kwamba hali hiyo ilipita, kisha wakaandika jinsi hilo linavyofanana na maisha yao. Alama za wanafunzi weusi, ambao ndio waliokuwa na sababu nyingi zaidi za kujiona wageni, zilipanda katika miaka mitatu iliyofuata. Za wanafunzi weupe hazikubadilika sana. Kinachofanya kazi hapo ni hiki: mtu anayejihisi mgeni huchukua kila kikwazo kama ushahidi. Akipata alama mbaya, anasema "nilijua mimi si wa hapa." Akikosa wa kula naye, anasema hivyohivyo. Akishajua kwamba karibu kila mtu amepitia hayo, alama mbaya inakuwa alama mbaya tu, anakwenda kumwuliza mhadhiri alikosea wapi.

Nisikuuzie zaidi ya ukweli, hata hivyo. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba kipindi cha namna hiyo hakisaidii kila mahali. Kinahitaji chuo ambacho kweli kuna watu na vikundi vya kumpokea mgeni. Pia ukisikia kwamba waliohudhuria utambulisho hufaulu kuliko wasiohudhuria, kumbuka kuwa anayehudhuria mara nyingi ndiye mwenye nauli, mwenye ndugu mjini, na mwenye bidii tangu awali. Tofauti yote haiwezi kutokana na wiki moja. Chuo Kikuu cha South Carolina, huko Marekani, kilianzisha tangu mwaka 1972 kozi ya muhula mzima ya kumzoesha mwanafunzi maisha ya chuo. Kwetu, sehemu ya kazi hiyo inafanywa na kozi ya stadi za mawasiliano, ile ambayo wengi huidharau. Usiidharau. Umesoma sekondari kwa Kiingereza cha kujibu mtihani, na chuoni utatakiwa kuandika insha ndefu yenye hoja na kutaja vyanzo. Kunakili madesa neno kwa neno, ambako sekondari kulikupa alama, huku ni kosa la kitaaluma.

Kuhusu hela, nakuona una njia tatu. Ya kwanza ni kufika Jumapili, ulale kwa mama mdogo siku mbili tatu hadi upewe funguo za chumba. Njia hii naipendelea, lakini Gongo la Mboto hadi Mlimani ni mbali: utapanda zaidi ya daladala moja na foleni ya asubuhi haina huruma. Ondoka alfajiri, na usipange kuishi hivyo muhula mzima kama una uwezo wa kupata kitanda. Ya pili ni kufika Jumatano. Utakuwa umekosa ufunguzi, ambao si hasara kubwa, lakini hakikisha siku ya usajili wa ndaki yenu na kikao cha idara havijapita. Ratiba hutolewa kabla, isome kwanza ndipo ukate tiketi. Ya tatu ni kuchelewa kabisa. Kama hela ya nauli kweli haipo, au kuna ugonjwa au msiba, usikae kimya. Andika barua au barua pepe kwa ofisi ya udahili na nakala kwa Mshauri wa Wanafunzi, eleza sababu na tarehe utakayofika, na utunze nakala. Aliyeomba ruhusa anashughulikiwa tofauti na aliyetoweka. Mahindi, mwanangu, hata jirani anaweza kumsaidia baba kuyapima.

Ukishafika, usijaribu kuhudhuria kila kitu. Siku ya usajili usiikose. Kikao cha idara usikikose. Nenda kwenye matembezi ya maktaba: ile mpya iliyofunguliwa mwaka 2018 ina nafasi ya watu 2,100 kukaa kwa wakati mmoja, na asiyeonyeshwa utaratibu wake huishia kuitumia kama chumba cha kuchajia simu. Jua zahanati ilipo na kadi yako ya bima inatumikaje. Sikiliza kikao cha Bodi ya Mikopo mpaka mwisho. Tamasha la jioni, vibanda vya kampuni za simu na wauza akaunti za benki, ukichoka pita zako, isipokuwa kama bado huna akaunti ya kupokelea bumu.

Kwa upole wako, sahau habari ya kuufahamu umati. Tafuta watu watatu tu: mmoja mtakayekaa chumba kimoja, mmoja wa programu yenu, na mmoja wa mwaka wa pili au wa tatu wa idara hiyohiyo. Foleni ya usajili ni mahali pazuri kuliko ukumbi, kwa sababu mmesimama saa mbili na mna shida moja. Swali la "wewe unasoma programu gani?" linatosha kuanzia. Chukua namba, umtumie ujumbe jioni hiyohiyo ili naye awe na yako. Kiongozi wa darasa, yule mnayemwita CR, akichaguliwa, hakikisha jina lako limo kwenye orodha yake. WhatsApp ni nzuri baada ya hapo. Kabla ya hapo, grupu la "wanafunzi wapya" limejaa watu ambao nao hawajui, pamoja na matapeli.

Hao matapeli niwaseme kidogo. Wanawangoja tangu stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Atakuja kijana mwenye beji shingoni, akuambie anaweza kukuharakishia chumba au usajili kwa hela kidogo. Malipo ya chuo hupita kwenye kontrol namba; hayatumwi kwenye namba ya simu ya mtu. Mwambie mama mdogo akupokee stendi, au amtume mtoto wake.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi huona aibu kulisema. Zamani pale Mlimani palikuwa na utamaduni wa kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wa kike, kwa jina la Mzee Punch. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa nao, na utamaduni huo ukapigwa marufuku. Nakueleza ili ujue kwamba kudhalilishwa si sehemu ya kukaribishwa, na anayekuambia "sote tulipitia" hana haki hiyo. Vilevile mhadhiri au mtumishi yeyote akidai penzi ili akupe alama, chumba au huduma, hiyo ni rushwa ya ngono, na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja kuwa kosa. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Chuoni uliza mapema dawati la jinsia liko jengo gani, wakati huna shida nalo.

Kuna hali ambazo jibu langu hili halitoshi, unahitaji kukaa na mtu uso kwa uso. Ikiwa umefika na hela imekwisha kabla ya bumu, nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi siku hiyohiyo, usisubiri ulale njaa siku mbili. Chukua barua ya udahili na uthibitisho wa mkopo, ueleze hali ilivyo bila kuipamba. Wameshaona wengi. Kama jina lako la mkopo limekosewa au programu uliyopangiwa mkopo si unayosoma, muone ofisa mikopo wa chuo, maana hilo halirekebishwi na mtu wa WhatsApp. Kama una ulemavu au ugonjwa wa kudumu ambao hukuutaja kwenye barua yako, kipo kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Jiandikishe wiki ya kwanza ili mipango ya chumba na mitihani ifanyike mapema.

Na kuhusu moyo wako. Kulikumbuka nyumbani, kulia usiku mmoja mmoja, kukosa raha wiki za mwanzo, ni mambo yanayowapata wengi na hupungua. Lakini ukiona wiki mbili zimepita hulali, huli, huendi darasani, au unajikuta ukiwaza kwamba bora usingekuwepo, usiseme ni upole wangu tu. Nenda kwa mnasihi wa chuo au zahanati siku hiyohiyo, na kama kwenda peke yako kunakushinda, mpigie mama mdogo au mmoja wa wale watatu akusindikize hadi mlangoni. Ukifika, huhitaji maelezo marefu. Sema "silali na sili, naomba msaada," nao wataendelea kukuuliza kutoka hapo.